Kituo cha Wageni Ukingoni mwa Bonde la Ufa: Anza na Choo, Mandhari Ije Baadaye

Magari ya watalii huondoka hotelini alfajiri kwa nyakati zinazokaribiana, kwa hiyo hufika pamoja kati ya saa sita na saa nane mchana. Watu wana njaa, wamebanwa na haja, na wana kama dakika arobaini kabla dereva hajaanza kuwaita. Kituo cha wageni hupimwa saa hiyo. Picha iliyopigwa machweo, jengo likiwa tupu, haisemi lolote kuhusu foleni ya chooni wala tenki lililokauka mwezi Agosti.

Mwongozo huu ni wa jengo la mita za mraba 600 chini ya paa, lililo ukingoni mwa genge, korongo au kreta katika ukanda mkavu wa Bonde la Ufa, kama vile nyanda za Ngorongoro na Oldupai, kuta za Manyara, na maeneo ya Natron. Hesabu za mfano zinachukua mvua ya milimita 500 kwa mwaka na nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Tarakimu badilisha kulingana na eneo lako, lakini mpangilio wa hatua usiugeuze. Wanaoanza na paa hujikuta wakitafuta pa kuficha choo baada ya kila sehemu nzuri kuchukuliwa.

Hatua ya 1: Vibali na wenyeji

Tanzania, mradi husajiliwa NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kwa ajili ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kifungu cha 57 cha sheria hiyo kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, basi uchore mstari huo kwenye ramani kabla ya kuchora kitu kingine. Kenya, mlango wa kuingilia ni NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo. Michoro isainiwe na msanifu majengo na mhandisi waliosajiliwa.

Eneo likiwa Urithi wa Dunia, kama Ngorongoro iliyoorodheshwa mwaka 1979 na kuongezewa kigezo cha utamaduni mwaka 2010, serikali inatakiwa kuijulisha Kamati ya Urithi wa Dunia kabla ya maamuzi yasiyoweza kugeuzwa. Hilo lipo katika aya ya 172 ya mwongozo wa utekelezaji wa Mkataba wa Urithi wa Dunia. Anza mchakato huo ukiwa bado na michoro ya penseli.

Ramani za serikali hazionyeshi njia za ng'ombe kwenda majini, mahali pa kulambia chumvi, wala mti ambao wazee hukutana chini yake. Tembea eneo zima na watu wa kijiji, kwa miguu, ukiwa na GPS mkononi, mara moja kiangazi na mara moja masika. Njia inayoonekana imekufa mwezi Septemba huwa barabara kuu ya mifugo mwezi Aprili.

Hatua ya 2: Soma ukingo kabla ya kuupenda

Mahali penye mandhari nzuri kuliko pote mara nyingi ndipo pabovu kujenga. Tafuta dalili hizi: mipasuko ya ardhi inayokwenda sambamba na ukingo, miti iliyoinamia bondeni, mawe mapya yasiyo na kuvu chini ya genge, na chemchemi au unyevu ukutani mwa genge. Ukiona mpasuko hata mmoja sambamba na ukingo, rudi nyuma yake kwanza, kisha mwite mjiolojia.

Kwa makadirio ya mwanzo tu, chora mkato wa genge, toa mstari wa nyuzi 45 kutoka chini ya tabaka legevu hadi ukate uso wa ardhi, kisha rudi nyuma mita 10 zaidi. Msingi wa jengo ukae nyuma ya hapo. Ukingoni penyewe papelekwe njia ya miguu na jukwaa jepesi linaloweza kung'olewa. Tabaka za majivu ya volkano, kama zile za Oldupai, humong'onyoka kwa maji kuliko zinavyoonekana zikiwa kavu. Na Oldupai kuna sababu ya pili: tabaka hizo zimebeba visukuku na zana za mawe. Popote katika ukanda huo, mkataba wa mkandarasi uwe na kipengele kinachosema kazi isimame na mwanaakiolojia aitwe mara tu mfupa au jiwe lililochongwa linapotokea, na muda huo ulipiwe. Kipengele kisicho na malipo hufanya mfupa ufukiwe usiku.

Sasa simamisha nguzo za mianzi kwenye pembe za jengo lako la kufikirika, zenye urefu wa paa, na ufunge kitambaa cheupe kila ncha. Nenda kila mahali ambapo mgeni husimama, kuanzia barabarani, kwenye kituo kingine cha mandhari ng'ambo, hadi chini bondeni. Vitambaa vikionekana vikikata mstari wa anga, jengo liko juu mno au mbele mno. Kazi hii huchukua siku moja na kamba, na imeokoa mandhari nyingi kuliko michoro ya kompyuta.

Pima pia upepo. Mchana ukuta wa bonde hupata joto na hewa hupanda kwa nguvu ikipita ukingoni, ikiingia chini ya upenu na kuunyanyua. Mwambie mhandisi wa paa hilo mapema, ili kenchi zifungwe kwenye lenta kwa bolti na vyuma vya kushikilia badala ya misumari.

Hatua ya 3: Hesabu ya saa saba mchana

Kaa getini wiki moja ya msimu wa juu na daftari. Andika magari yanayofika kila robo saa, watu ndani yake, na muda wanaokaa. Wastani wa mwezi hauna maana hapa, kinachotakiwa ni ile nusu saa mbaya kuliko zote.

Tuseme umepata wageni 250 kwa siku, na 120 kati yao wanafika ndani ya nusu saa moja, nusu wakiwa wanawake. Wanawake 60 wakitaka choo ndani ya dakika 20, kila mmoja akitumia dakika 3, hizo ni dakika 180. Gawa kwa 20, unapata vyumba 9. Wanaume, kwa mchanganyiko wa mikojoleo na vyumba, watatosheka na mikojoleo 5 na vyumba 3. Usigawe nusu kwa nusu kwa sababu mchoro unapendeza ukiwa na ulinganifu. Ongeza chumba kimoja cha mwenye kiti cha magurudumu, kipana cha kutosha kugeuza kiti (duara la mita 1.5), na choo cha madereva na wafanyakazi kilicho kando. Madereva ndio wanaorudi kila siku, na wakichoshwa na kituo hupeleka wageni kwingine.

Maegesho: nafasi ya mita 3 kwa 6 kwa kila gari la safari, zilizolazwa mshazari ili dereva atoke bila kurudi nyuma. Yawekwe angalau mita 80 kutoka ukingoni, nyuma ya mwinuko au vichaka. Mgeni atembee hatua chache bila kuona bonde, kisha limtokee ghafla. Hilo halikugharimu hata tofali moja.

Hatua ya 4: Maji

Hapa ndipo miradi mingi huanguka. Sababu imo kwenye kalenda: mvua za vuli na masika hunyesha kati ya Novemba na Mei, na wageni wengi huja Juni hadi Oktoba. Tenki lako lazima libebe siku 150 bila tone.

Kisima kirefu kinaonekana jibu rahisi, ila maji ya ardhini ya ukanda huu wa volkano mara nyingi yana floridi nyingi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Arusha na jirani vinavuka hapo, ndiyo maana meno ya kahawia ni ya kawaida huko. Kichujio cha mkaa wa mifupa hupunguza floridi lakini huchoka na hubadilishwa, na hakuna dalili ya macho kwamba kimechoka. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Kwa hiyo kisima, kama kipo, kiwe cha kusafishia na kujengea, na mvua iwe ya kunywa na kunawa.

Kanuni ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Toa asilimia 20 kwa mruko, uvukizi na gata zinazofurika.

- Paa la jengo mita za mraba 600, mvua milimita 500, mara 0.8: lita 240,000 kwa mwaka.
- Vivuli vya maegesho mita za mraba 400 kwa hesabu hiyohiyo: lita 160,000.
- Jumla lita 400,000.

Upande wa matumizi, choo cha kawaida cha kuflashi lita 6, bomba la kuzungusha na jiko vitakula lita 8 kwa mgeni. Wageni 250 ni lita 2,000 kwa siku, yaani lita 300,000 kwa kiangazi peke yake kabla hujahesabu mfanyakazi hata mmoja. Haiendi. Badilisha vifaa: vyoo vya flashi ya lita 3, mikojoleo isiyotumia maji, na bomba la kubonyeza linalojifunga lenyewe. Matumizi hushuka hadi lita 3.5 kwa mgeni. Sasa ni lita 875 za wageni na lita 450 za wafanyakazi 15, jumla 1,325 kwa siku. Siku 150 ni takriban lita 199,000. Miezi mingine saba, wageni wakiwa 120 kwa siku, utatumia kama lita 187,000, huku mvua ikijaza. Kilichobaki mwishoni mwa Mei ni kama lita 213,000, nazo zinatosha kiangazi kwa mwanya mdogo sana. Mvua ikipungua theluthi moja, utanunua maji ya boza. Andika gharama hiyo kwenye bajeti tangu sasa, isije ikaitwa dharura.

Jenga matenki mawili ya mawe au saruji na waya, kipenyo mita 7 na kina mita 3 kila moja, yaani lita 115,000 kila moja, yakiwa nusu ardhini ili yasivimbe machoni. Yawe mawili kwa sababu moja lazima lioshwe huku jingine likitumika. Weka pia:

- Mtego wa maji ya kwanza, lita 1 kwa kila mita ya mraba ya paa. Mvua ya kwanza ya vuli huosha vumbi la miezi mitano na kinyesi cha ndege, isiingie tenki.
- Wavu wa mbu kwenye kila tundu, pamoja na bomba la kufurikia, ambalo ndilo husahaulika.
- Mdomo wa kutolea maji sentimita 10 juu ya sakafu ya tenki, ili tope lisivutwe.
- Mita ya maji kwa kila tawi: vyoo, jiko, wafanyakazi. Mita moja ya jumla haikuonyeshi bomba linalovuja.

Mkojoleo usiotumia maji una kizibo cha mafuta au cha mpira kinachozuia harufu. Hufa siku ile msafishaji anapomwaga ndoo ya maji na klorini ndani yake. Bandika maelekezo kwa Kiswahili ukutani mwa stoo, kwa picha, na umfundishe kila msafishaji mpya.

Paa la nyasi linapendeza ila maji yake hutoka rangi ya chai na yana harufu. Ukitaka nyasi, ziwe juu ya banda la kulia chakula tu, kwa mwinamo usiopungua nyuzi 45, na usiunganishe gata yake na tenki.

Hatua ya 5: Maji taka yasitokee usoni mwa genge

Shimo la kunyonyea likichimbwa karibu na ukingo, maji hushuka kwenye nyufa za mwamba na kutokea ukutani, mita kadhaa chini ya macho ya wageni. Kwanza huonekana mstari wa kijani, kisha udongo hulainika, na baadaye kipande cha genge hudondoka. Mfumo wote wa maji taka ukae upande wa bara wa jengo, angalau mita 50 kutoka ukingoni, na mteremko wake uelekee mbali na bonde.

Fanya jaribio la kunyonya. Chimba shimo la kipenyo cha sentimita 30 hadi kina cha mfereji uliopangwa, lijaze maji jioni na uliache lilowe. Asubuhi weka maji tena na upime. Yakichukua zaidi ya saa moja kushuka sentimita 2.5, udongo haufai. Yakishuka hivyo chini ya dakika moja, haufai pia, kwa kuwa maji yanakimbilia nyufani bila kuchujwa.

Vyoo vya maji kidogo vina tabia yao: kinyesi hukwama bombani. Bomba la inchi 4 lipewe mteremko wa 1 kwa 40, liende moja kwa moja, lisizidi mita 15 kabla ya chemba, na pasiwe na kona kali. Karo, yaani tenki la kutulizia maji taka, liwe na vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili ya ujazo, jumla mita za ujazo 8. Lijengewe njia ya gari la kunyonya, kwani karo lisilofikika halinyonywi.

Kutoka karo, maji yaingie kwenye kitalu cha matete. Usikikadirie kwa lita, maana maji yako ni machache lakini makali. Kwa wageni 250, anza na mita za mraba 150 hadi 200, zilizogawanywa vitalu viwili. Chimba, tandika plastiki nzito isiyopitisha maji, jaza kokoto za milimita 10 hadi 20 kwa kina cha sentimita 60, na mlangoni weka mawe makubwa zaidi upana wa nusu mita. Usawa wa maji ubaki sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa kokoto: hakuna maji wazi, hakuna mbu, hakuna harufu. Panda matete ya hapohapo, mashina manne kwa mita ya mraba, mwanzoni mwa masika. Kisha zungushia uzio wa nguvu. Mwezi wa Agosti hicho kitakuwa ndicho kijani pekee kwa kilomita nyingi, na nyati ataliona hilo kabla yako.

Hatua ya 6: Jua, kivuli na mtazamo

Karibu na ikweta jua la mchana huwa juu ya kichwa, likiinama kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Ukuta wa kaskazini wenye urefu wa mita 2.7 hufunikwa mchana wa Juni na upenu wa mita 1.35, na wa kusini huhitaji pungufu kidogo. Adui ni mashariki na magharibi. Kwa hiyo jengo lirefuke mashariki hadi magharibi, na kuta fupi za ncha ziwe nzito na bila madirisha.

Shida huja bonde likiwa upande wa magharibi, na mara nyingi liko huko. Saa kumi na nusu jioni jua huwa kama nyuzi 32 juu ya upeo. Ukishusha ncha ya upenu hadi mita 2.1, jua la saa hiyo litaishia sakafuni mwa baraza la kina cha mita 3.5, bila kugusa ukuta wa nyuma. Aliyeketi, macho yakiwa kama mita 1.2 kutoka sakafuni, hazibiwi na upenu, anaona bonde. Baraza hilo ndilo chumba kikuu cha kituo. Usilizibe kwa kioo.

Kioo, hata pale kinapohitajika, kina makosa mawili: hupika waliomo ndani na huua ndege, ambao huona anga iliyoakisiwa na kuruka moja kwa moja. Weka alama upande wa nje wa kioo, zisizoachana zaidi ya sentimita 5. Kibandiko kimoja cha kunguru katikati ya dirisha hakimzuii ndege yeyote.

Reli ya jukwaa iwe na urefu wa mita 1.1 na nondo zilizosimama, mwanya usiofika sentimita 10. Nondo za kulala ni ngazi kwa mtoto. Njia ya kwenda jukwaani iwe na mteremko wa 1 kwa 20. Penye ulazima, 1 kwa 12 na mahali pa kupumzikia kila mita 9.

Hatua ya 7: Kuta na paa

Kila lori la saruji linalopanda hadi hapo lina gharama mbili, ya pesa na ya barabara. Tofali za udongo zilizoshindiliwa kwa mashine ya mkono, zile za kufungamana, hupunguza zote mbili na hazichomwi kwa kuni.

Jaribu udongo kwanza. Jaza chupa pana theluthi moja ya udongo na theluthi mbili ya maji, tia chumvi kidogo, tikisa, uache siku nzima. Mchanga utakaa chini kwa dakika chache, mfinyanzi utatulia mwisho. Mfinyanzi wa asilimia 15 hadi 25 ni mzuri. Kisha chonga sanduku la ndani lenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, lipake mafuta, lijaze udongo uliolowa, liache kivulini siku saba. Mpasuko ukiwa chini ya milimita 15, changanya saruji 1 kwa udongo 16. Ukifika milimita 45 hadi 60, 1 kwa 10. Ukizidi hapo, tafuta udongo mwingine au ongeza mchanga. Udongo mweusi wa mbuga usiutumie kwa tofali wala usijenge juu yake, maana huvimba masika na kupasuka kiangazi, na ukuta huenda nao.

Tofali za sentimita 30 kwa 15 kwa 10 ni kama 33 kwa mita ya mraba, na mfuko wa kilo 50 kwa uwiano wa 1 kwa 14 hutoa takriban tofali 80. Zifunike kwa plastiki na kuzinyunyizia siku 7 hadi 14. Hatua hii ndiyo mafundi huiruka, na tofali iliyokauka juani siku ya pili humong'onyoka kwa kucha. Jaribu kwa kuichovya: tofali iliyolala majini siku nzima isiache tope ndoo nzima.

Udongo unaweza pia kuwa paa. Kituo cha Mapungubwe cha Afrika Kusini, karibu na makutano ya mito Limpopo na Shashe, kilichobuniwa na Peter Rich, kina kuba zilizojengwa kwa vigae vyembamba vya udongo na saruji kidogo, takriban 200,000, vilivyoshindiliwa na wenyeji waliofundishwa kazi hiyo. Mwaka 2009 kilitajwa kuwa jengo bora la mwaka kwenye Tamasha la Usanifu Duniani. Kuba hubeba uzito kwa kujibana, hivyo halihitaji nondo nyingi, lakini linahitaji mhandisi anayejua hesabu zake na fundi aliyejenga moja la mazoezi kwanza. Bila hao wawili, ezeka bati.

Bati liwe la rangi ya udongo isiyong'aa. Bati jeupe huonekana ng'ambo ya bonde kama kioo. Juu ya ukingo wenye ukungu, kama wa Ngorongoro, bati hutoa jasho usiku, hivyo weka dari yenye kihami na nafasi ya hewa, ukiziba matundu kwa wavu kabla popo hawajahamia.

Hatua ya 8: Umeme na taa

Orodhesha kila kifaa na saa zake. Friji mbili, pampu, taa, kompyuta na chaja hufika kama uniti 14 kwa siku. Gawa kwa saa 5 za jua kamili (4 penye ukungu) na kwa 0.75 ya upotevu, unapata kilowati 3.7. Funga 4.5. Betri za lithiamu za siku moja na nusu: uniti 21, gawa kwa 0.8, ni uniti 26. Jiko la umeme na hita ya maji visiingie kwenye mfumo huu kwa mlango wa nyuma. Vikitakiwa, hesabu irudiwe.

Taa za nje ziangalie chini, ziwe na mwanga wa manjano usiozidi kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga), na zizimwe kituo kinapofungwa.

Hatua ya 9: Wanyama watakaojaribu kila kitu

Nyani hufungua vitasa vya kushusha, kwa hiyo weka vya duara. Mapipa ya taka yawe na mfuniko mzito wenye ndoano iliyofichwa, na yamwagwe kila jioni. Tembo hunusa maji bombani na kulifukua, hivyo fukia bomba kuu sentimita 90 na usiweke bomba la bustani nje. Bustani yenyewe haihitajiki: nyasi zinazomwagiliwa huleta nyati mlangoni. Mchwa huzuiwa kwa kipande cha bati kati ya msingi na kila nguzo ya mbao, kikiwa kimekunjwa chini pande zote.

Hatua ya 10: Maonyesho

Bonde lenyewe ndilo onyesho. Mbao za maelezo ziwe kwenye baraza, kimo cha sentimita 80, zimeinama nyuzi 30 hadi 45, kila moja ikieleza kitu kinachoonekana kutoka hapohapo: mlima ule, ufa huu, mstari ule wa miti. Maneno 60 kwa kila lugha, Kiswahili kikiwa cha kwanza. Kimaasai kiandikwe na mzungumzaji wake. Jina Oldupai lenyewe ni la mkonge mwitu unaoota korongoni, na maelezo ya namna hiyo mgeni huondoka nayo. Picha za karatasi hupauka kwa jua ndani ya misimu michache. Chora kwenye chuma cha enameli au jiwe.

Hatua ya 11: Ujenzi

Mchanga na kokoto zikitoka nje huja na mbegu. Gugu karoti limeshaenea Arusha, na hupanda malori. Weka sehemu ya kuoshea matairi kilomita kadhaa kabla ya eneo, kagua kila rundo la mchanga baada ya mvua, na ng'oa kinachoota kabla hakijatoa maua, ukivaa glavu kwa kuwa huwasha ngozi. Zungushia utepe eneo la kazi mita 5 tu kutoka kuta. Kila kilicho nje ya utepe kikikanyagwa, mkandarasi alipe.

Matenki yajengwe kwanza, pamoja na vivuli vya maegesho, ili mvua ya kwanza ijaze maji ya kujengea. Tenga asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya ujenzi kila mwaka kwa matengenezo, kwenye akaunti yake. Ratiba ibandikwe ofisini: gata na mitego ya maji ya kwanza wiki ya mwisho ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari, paneli zifutwe vumbi kila Jumatatu ya kiangazi, matete yakatwe mara moja kwa mwaka, tope la karo lipimwe kwa kijiti kila Juni, na mita za maji zisomwe kila asubuhi kabla ya geti kufunguliwa.